Uzi: Expressway ya Nairobi ilijengwa kwa ajili ya JKIA, au kwa ajili ya Westlands?

#1 Mwendambele
Wakuu, salaam. Naleta hoja, naomba nijibiwe kwa hoja.

Tangu 14 Mei 2022, magari yaliporuhusiwa kupanda Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, kwa majaribio, tunaambiwa kwamba hii ndiyo barabara ya uwanja wa ndege. Mgeni anatua JKIA (uwanja wa Jomo Kenyatta), anapanda juu, na baada ya muda mfupi yuko Westlands, upande wa pili wa mji. Hilo limetimia, sibishi. Lakini mimi ni dereva wa teksi na uwanja ule ndio shamba langu. Ninachokiona jioni ni kwamba juu magari yanateleza, na chini, kwenye Mombasa Road kuanzia Bellevue hadi Cabanas, watu wamezima injini. Hao walio chini ndio wanaouendesha uwanja wenyewe: wapakia mizigo, wasafishaji, wapishi wa chakula cha ndege, askari wa zamu, makarani wa mizigo.

Sasa swali. Barabara ya kilomita 27 inayoanzia Mlolongo, nje kabisa ya uwanja, na kuishia James Gichuru kule Westlands, ilipangwa kwa ajili ya uwanja wa ndege kweli? Au uwanja ulitajwa tu ili wananchi wakubali? Na kwa nini chini hapajafunguka?

#2 KijanaWaSyokimau
Nimewahi siti ya mbele.

#3 Fundi_Nguzo
Mwendambele, umeuliza vizuri. Nimefanya kazi za barabara miaka mingi, si kwenye mradi huu, lakini hesabu zake nazijua.

Barabara ya uwanja wa ndege haiwezi kuishi kwa abiria wa ndege peke yao. Kabla ya mchoro wowote kuna upembuzi yakinifu, na kitu cha kwanza kinachohesabiwa ni magari: yanatoka wapi, yanaenda wapi, saa ngapi. Ndege za masafa marefu pale JKIA nyingi hutua alfajiri na kuondoka usiku. Saa hizo barabara zina nafasi. Ukijenga barabara ya abiria wa ndege tu, mchana kutwa itakaa tupu, na aliyeweka pesa zake hatazirudisha hata kwa miaka hamsini. Ndiyo maana ikavutwa hadi Mlolongo kwa wakazi wa kule, ikapitishwa Syokimau, kituo cha SGR (reli mpya ya Mombasa), JKIA, Eastern Bypass, Southern Bypass, Capital Centre, Haile Selassie, Museum Hill, Westlands, hadi James Gichuru. Vituo 11. Uwanja ni kimoja kati ya hivyo 11.

Kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Uwanja ndio uliotoa sababu ya haraka, mfanyakazi wa ofisini mwenye gari ndiye anayelipa.

#4 Mama_Zamu
Fundi umeeleza vizuri lakini mimi sina gari wala si mtu wa ofisini. Nasafisha kumbi za abiria, zamu ya alfajiri na ya usiku. Kwangu barabara ya uwanja ni basi namba 34. Hilo halipandi juu, kwa sababu juu hakuna wa kumpakia wala wa kumshusha. Zamu ya alfajiri sina shida, tunafika. Zamu ya jioni ndiyo inayonitoa nyumbani mapema kupita kiasi, kwa sababu msimamizi hatambui neno jam. Nikikaa dirishani naona nguzo zinapita moja moja, polepole, na kila nguzo ina namba yake. Zile namba sasa nazijua kwa mpangilio.

Mimi sichukii Expressway. Nauliza tu, walipokaa mezani wakihesabu magari, walituhesabu na sisi tulio ndani ya basi, au walihesabu basi kama gari moja?

#5 Mwendambele
Mama Zamu, hilo ndilo nililotaka kusema, ukalisema vizuri kuliko mimi.

#6 Hesabu_Safi
Mleta mada aliuliza kwa nini chini hapajafunguka. Jibu ni jepesi: tozo ya kupita juu.

Mwanzoni, gari dogo kutoka Mlolongo hadi mwisho wa Westlands lililipa shilingi 360. Kuanzia 1 Januari 2024 ikapanda hadi 500. Sababu iliyotolewa ni kwamba shilingi ilikuwa imeporomoka, na mwekezaji hesabu zake ni za dola. Chukua kikokotoo. Mei 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 116, kwa hiyo 360 ilikuwa takriban dola 3.10. Mwisho wa 2023 dola ilifika karibu 157, kwa hiyo 500 ilikuwa takriban dola 3.18. Hadi hapo naelewa. Lakini shilingi ilipopata nguvu mwaka 2024 na dola ikatulia karibu 129, ile 500 ikawa takriban dola 3.88, na tozo haikushuka.

Mtu wa kawaida akienda na kurudi ni 1,000 kwa siku. Atabaki chini, azime injini, asubiri.

#7 Mkongwe_wa_Jukwaa
Serikali imekopa bilioni 88 kwa Wachina halafu inatutoza tena. Tunalipa mara mbili. Hiyo ndiyo habari yote.

#8 Hesabu_Safi
Hapana mzee, hapo naomba nikurekebishe. Huu si mkopo wa serikali kama ule wa SGR. Ni ubia. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilitafuta pesa yenyewe, ikajenga, na kampuni yake tanzu ya Moja Expressway inaendesha na kukusanya tozo kwa miaka 27, kisha barabara inarudi serikalini. Kiasi kinachotajwa sana ni karibu dola milioni 668. Hizo bilioni 88 ndiyo tafsiri ya shilingi iliyozungumzwa baadaye, mwanzoni zilitajwa 62.

#9 Mkongwe_wa_Jukwaa
Sawa, ni ubia. Lakini ardhi ya katikati ya Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way ilikuwa ya nani? Ya umma. Mabomba ya maji na nguzo za umeme zilizohamishwa ni za nani? Za umma. Na kila lita ya petroli ninayoweka ina tozo ya matengenezo ya barabara, ambayo Julai 2024 ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Kwa hiyo neno langu la kulipa mara mbili silifuti.

#10 Hesabu_Safi
Hapo kwenye ardhi nakubaliana nawe.

#11 Jirani_wa_Munyonyo
Wanajukwaa, habari za leo. Niko Kampala, niwape ya kwetu mlinganishe.

Sisi barabara ya Entebbe Expressway ndiyo hasa ya uwanja wa ndege. Kilomita 51 ukijumlisha na tawi la Munyonyo, ilizinduliwa Juni 2018, iligharimu dola milioni 476, na katika hizo milioni 350 zilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Huo ndio mkopo wa serikali anaousema Mkongwe. Kwa zaidi ya miaka mitatu tulipita bure. Januari 2022 tozo ikaanza, shilingi zetu 5,000 kwa gari dogo.

Tulichokiona: barabara ilikatwa mbali na barabara ya zamani, ikapita kwenye mashamba na vinamasi. Ile ya zamani ilibaki kama ilivyo, na maduka yake, na teksi zake. Kwa hiyo wajenzi hawakumziba mtu wa chini. Nyinyi mlijenga juu ya vichwa vya watu. Miaka miwili hivi mtu wa chini alibanwa na uzio wa ujenzi, na barabara ilipokwisha akaachiwa nguzo katikati.

#12 Fundi_Nguzo
Jirani, umegusa penyewe. Lakini Nairobi mashamba ya kupitisha barabara kutoka JKIA hadi Westlands hayapo. Ukitaka njia mpya ya chini lazima ubomoe South B, Nyayo, Upper Hill, na ulipe fidia ambayo ingezidi zege lote. Kupanda juu ya mstari wa katikati wa barabara iliyopo ndiko kulikookoa fidia.

Na hata hapo katikati si rahisi. Upande wa Embakasi na Mombasa Road ardhi ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kiwiko. Mvua ikija unavimba na kuinua chochote kilicho juu yake. Lami ikiwekwa juu ya udongo huo bila kuuondoa, mwaka wa pili barabara ina mawimbi. Kwa barabara ya chini unachimba wote hadi ufikie mwamba au udongo mgumu, unajaza changarawe tabaka kwa tabaka, kila tabaka unalishindilia na kulipima. Kwa nguzo unateremka na msingi hadi kwenye mwamba kabisa. Raia anayepita anaona nguzo imesimama juu, lakini kazi kubwa iko chini ambako haonekani mtu.

#13 Mtoto_wa_Tazara
Mkuu Fundi, hapo kwenye udongo umenifundisha, asante.

Dar tumepita njia nyingine. Nyerere Road ndiyo ya uwanja wa ndege na kisirani chake kilikuwa makutano ya TAZARA. Hatukujenga barabara mpya, tulijenga daraja moja la juu pale, kwa msaada wa Japani, likazinduliwa 27 Septemba 2018 na kuitwa Mfugale. Jengo la tatu la abiria likafunguliwa Agosti 2019. Halafu kwenye barabara hiyohiyo zikajengwa njia za mabasi ya mwendokasi hadi Gongo la Mboto. Hakuna tozo.

Foleni ya TAZARA yenyewe ilipungua kweli. Ilihamia makutano ya mbele.

#14 KijanaWaSyokimau
Watanzania mkipewa nafasi lazima mlete mwendokasi 😂 Karibuni lakini.

#15 Mtoto_wa_Tazara
Sisi tunayo ya kuleta, nyinyi leteni yenu. Njia za mwendokasi za kwenu zilipewa majina ya wanyama, Simba, Ndovu, Chui, Kifaru, Nyati. Ni ipi inayofika JKIA leo na abiria ndani?

#16 KijanaWaSyokimau
Hapo nimenyamaza kwa muda.

#17 Dereva_Mkuu_34
Naomba niseme kuhusu matatu kwa sababu watu wanatusemea.

Hatupandi juu si kwa sababu ya 500 peke yake. Biashara ya matatu iko stejini. Nikitoka mjini nimejaza, watu wanashuka Nyayo, wengine wanapanda. Wanashuka Bellevue, wengine wanapanda. General Motors, vivyo hivyo. Kiti kimoja kinauzwa zaidi ya mara moja kwa safari moja. Nikipanda Haile Selassie nikashuka JKIA, kiti nimekiuza mara moja na tozo nimelipa. Hata wakinipandisha bure sitapanda, isipokuwa nimekodishwa.

Kwa hiyo anayesema punguzeni tozo na matatu watahamia juu, hajawahi kushika usukani wa matatu. Barabara isiyo na steji si ya matatu.

#18 Hesabu_Safi
Hoja nzito hiyo. Lakini magari madogo hayana steji, na ndiyo mengi zaidi pale chini. Kwa hayo narudi palepale, tozo.

#19 Mpangamiji
Naona kila mtu anavuta kamba ya kwake. Niongeze ya kwangu.

Hata ukifuta tozo leo, chini patafunguka kwa muda tu. Mwaka 1962 mtafiti Anthony Downs wa Marekani aliandika kuhusu barabara kuu za mijini: ukiongeza nafasi saa za msongamano, waliokuwa wakipita njia nyingine, waliokuwa wakiondoka saa nyingine, na waliokuwa wakipanda basi, wote watahamia pale hadi nafasi iishe. Tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Thika Road ilizinduliwa Novemba 2012, karibu kilomita 50, njia nyingi kila upande, hakuna tozo. Miaka ya mwanzo ilikuwa raha. Leo jioni nenda pale Githurai uone.

Nairobi nayo inakua kwa kufuata barabara. Expressway ilipotangazwa tu, wenye viwanja Syokimau na Mlolongo walibadilisha matangazo yao: dakika chache hadi Westlands. Watu wakanunua, wakajenga, na kila nyumba mpya ina gari. Hao ndio waliojaza nafasi iliyoachwa chini na waliopanda juu.

#20 Fundi_Nguzo
Mpangamiji, Thika Road na Mombasa Road hazifanani. Thika Road haina uwanja wa ndege wala malori ya Mombasa. Pale Mombasa Road una lori la kontena, una gari la maua kutoka Naivasha linalowahi ndege ya mizigo, una abiria mwenye tiketi, na una mtu anayekwenda dukani, wote kwenye njia zilezile. Abiria na maua ni watu wa saa. Akichelewa, ndege haimsubiri. Ndiyo sababu barabara ya uwanja wa ndege haipimwi kwa wastani wa muda wa safari, inapimwa kwa siku mbaya kuliko zote. Abiria hakuulizi ni dakika ngapi kwa kawaida. Anakuuliza atoke saa ngapi ili asikose ndege kabisa. Expressway imempa jibu la hilo, na barabara ya chini haitampa kamwe.

#21 Mwendambele
Hapo kweli Fundi. Zamani mteja wa Westlands mwenye ndege ya saa nne usiku nilikuwa namchukua saa kumi na moja jioni, anakaa uwanjani akisinzia. Sasa anakula nyumbani kwanza.

#22 Mkaguzi_Langoni
Wote mmesahau lango. Unapita juu kwa kilomita 80 kwa saa, hiyo ndiyo kasi inayoruhusiwa, unashuka JKIA, halafu unafika kwenye ukaguzi. Abiria wote wanashuka garini wanapita kwenye mashine kwa miguu, dereva anapita na gari, anawangoja upande wa pili. Mama na watoto, mzee na fimbo, wote. Zikifuatana ndege kadhaa za usiku, foleni ya magari pale langoni inakula dakika zote ulizookoa.

Sisemi ukaguzi uondolewe, usalama ni usalama. Nasema barabara na lango ni mradi mmoja, na vilipangwa na ofisi tofauti. Barabara ikileta magari upesi kuliko lango linavyoyameza, umeihamisha foleni, hukuiondoa. Kama alivyosema yule wa Dar.

#23 Mzee_wa_Embakasi
Vijana, nawasoma kwa makini. Nitoe historia kidogo.

Uwanja huu ulifunguliwa 1958, na mikono iliyouchimba ilikuwa ya wafungwa wa kipindi cha hali ya hatari. Jengo la abiria la kwanza halikuwa hapa lilipo sasa, lilikuwa upande wa pili wa njia ya kurukia. Jengo jipya lilifunguliwa 1978, na mwaka huohuo uwanja ukapewa jina la Mzee Kenyatta baada ya kufariki. Tangu hapo abiria wakawa wanaingia kutokea Mombasa Road. Wakati ule pembeni ni nyasi na pundamilia, hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mlango mmoja hautatosha.

Agosti 2013 ukumbi wa kuwasili ulipoungua tuliona maana ya uwanja kuwa na njia zaidi ya moja. Kwa hiyo mimi naiunga mkono Expressway kwa sababu hiyo tu: siku ya ajali kubwa pale chini, kuna njia ya pili. Hilo hamlihesabu kwa tozo.

#24 Mpimaji_Ardhi
Shikamoo Mzee. Nataka kugusa jambo ambalo mnalipita haraka, la wanaoondolewa kupisha barabara.

Fundi kasema kupanda juu kuliokoa fidia. Kwa barabara yenyewe, ndiyo. Lakini barabara ya juu inahitaji barabara za kuilisha, na hizo ziko chini, mitaani. Oktoba 2021 nyumba zilibomolewa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara ya kuunganisha eneo la viwandani na njia kuu za upande ule. Maelfu ya watu walilala nje wakati wa mvua. Kwenye karatasi ya mradi mkubwa huwaoni hao, kwa sababu barabara ya kulisha ina jina lake na bajeti yake.

Sheria ya Ardhi ya 2012 ina hatua zake: Tume ya Taifa ya Ardhi inatangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, inakusikiliza, inathamini, inalipa. Katiba kifungu cha 40 inasema fidia iwe ya haki na ya haraka. Shida ni kwamba hatua hizo humfaa zaidi mtu mwenye hati. Nimepima viwanja kwenye mradi mmoja wa barabara, sitautaja. Alama ya X ya rangi nyekundu ilipigwa ukutani kabla ya mwenye nyumba kuona karatasi yoyote. Mama mmoja aliifuta kwa mafuta ya taa, wakairudia asubuhi, kubwa zaidi. Hati yake ilikuwa barua ya chifu, na barua ya chifu haikumsaidia kitu.

#25 Mama_Zamu
Wenzangu kadhaa wa zamu walikuwa wakikaa Mukuru. Walikuwa wanakuja kazini kwa miguu. Sasa wako mbali, wanapanda magari mawili. Nao mkawahesabu kwenye msongamano wa chini.

#26 Mpangamiji
Mama Zamu, hili lako lingepaswa kuwa sura nzima ya upembuzi yakinifu. Uwanja wa ndege una wafanyakazi maelfu, wanafika kila siku, na wanafika saa zilezile. Abiria anakuja mara moja kwa mwaka. Ukiuliza nani anautumia zaidi uwanja kama mahali pa kwenda, jibu ni mfanyakazi. Lakini ukiuliza barabara za viwanja vya ndege zinachorwa kwa ajili ya nani, zinachorwa kwa mwenye sanduku.

Na reli je? Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi 2017, vyote viko jirani na uwanja, na hakuna hata kimoja kinachoingia ndani hadi kumbi za abiria. Kilomita chache zile zingechukua watu wengi kuliko njia mbili za juu.

#27 Hesabu_Safi
Reli ya kilomita chache ina gharama ya kila siku hata isipopata abiria. Nani angeilipia?

#28 Mpangamiji
Yuleyule aliyelipia ardhi ya katikati ya Mombasa Road. Umma.

#29 Mtetezi_wa_Miti
Jamani na mti mmesahau? Ule mugumo wa Waiyaki Way, umri wake unakadiriwa kupita miaka 100, ulikuwa kwenye njia ya ujenzi. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 ikatoka amri ya rais kwamba usiguswe. Barabara ikapita pembeni, mti upo hadi leo.

Mwaka mmoja kabla, 2019, kelele zilikuwa za kipande cha Uhuru Park, bustani ileile ambayo Wangari Maathai aliipigania 1989 lisijengwe jengo la ghorofa 60. Kwa hiyo wanaosema barabara ikishachorwa haibadiliki, si kweli. Inabadilika, ila ni lazima upaze sauti kabla mitambo haijafika. Mchoro ulisogezwa kwa ajili ya mti mmoja. Kwa hiyo kuongeza steji za mabasi kungewezekana kabisa.

#30 Dereva_Mkuu_34
Mtetezi umesema neno. Steji.

#31 Fundi_Nguzo
Steji juu ya daraja si kibanda tu wakuu. Unahitaji njia ya ziada ya basi kusimama, kwa hiyo daraja linapanuka. Unahitaji ngazi na lifti, uzio, na kivuko cha waenda kwa miguu chini yake. Kila steji ni sawa na kujenga daraja dogo jingine. Haishindikani. Ila lazima iwe kwenye mchoro wa kwanza. Ukija kuiongeza baadaye unavunja na kujenga upya.

#32 Mkongwe_wa_Jukwaa
Na maji? Aprili 2024 mvua ilipopiga, Mombasa Road ilikuwa mto. Magari yamezama hadi vioo. Nilisimama kwenye kivuko cha juu nikatazama maji yanavyoshuka kwenye mabomba ya nguzo kutoka barabara ya juu na kumwagika palepale kwenye barabara ya chini. Juu pakavu, chini bwawa. Hiyo nayo ni sababu ya msongamano, haimo kwenye orodha yenu.

#33 Fundi_Nguzo
Mvua ile ilikuwa kubwa mno, mji mzima ulifurika, usiitwike Expressway peke yake. Mito yenyewe ilikosa pa kupita. Lakini ulichokiona kwenye nguzo ni cha kweli. Maji ya daraja lazima yashuke mahali, na yanaposhuka mtaro wa chini lazima uwe na upana wa kuyapokea. Mtaro wa zamani ulipimwa kwa mvua inayoanguka juu ya barabara ya zamani tu. Ukiongeza paa la zege la kilomita kadhaa, maji yale yale yanafika kwa pamoja, kwa sehemu chache, kwa kasi. Na pale mtaro umejaa mifuko na udongo, ndiyo hayo.

#34 KijanaWaSyokimau
Nimerudi. Mimi napanda juu kila siku ya kazi na bado nakaa kwenye jam. Asubuhi ukishuka Westlands, unashukia kwenye taa. Magari yanajipanga hadi juu ya daraja. Tozo nimelipa, foleni nimeikuta. Ningependa Fundi anieleze kwa nini barabara pana ilimwagwa kwenye mtaa mwembamba.

#35 Fundi_Nguzo
Kwa sababu mwisho lazima uwe mahali. Mbele ya James Gichuru kuna barabara iliyopanuliwa hadi Rironi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa hiyo anayekwenda Limuru au Nakuru anatoka vizuri. Tatizo ni lenu mnaoshukia Westlands na Museum Hill. Barabara za pale hazikupanuliwa na hazina pa kupanukia, majengo yako ukingoni.

#36 Hesabu_Safi
Kijana, umeona sasa? Unalipa na bado unasubiri, kwa hiyo tozo iko chini mno. Ingekuwa juu zaidi usingekutana na foleni pale 😀

#37 KijanaWaSyokimau
Hesabu_Safi wewe juzi umesema tozo iko juu mno. Chagua moja ndugu yangu.

#38 Hesabu_Safi
Yote mawili ni kweli, inategemea saa. Alfajiri na usiku juu patupu, tozo ingeshushwa, hata hao wa zamu wakodi gari pamoja wapande. Saa mbili asubuhi palipojaa, ibaki. Tozo moja ya saa zote ndiyo kosa.

#39 Mama_Zamu
Hilo la kushusha usiku ningelipenda. Waajiri wengine hutoa gari la zamu ya usiku, lakini dereva anaambiwa apite chini kuokoa tozo. Zamu ikiisha usiku wa manane chini hakuna jam, kwa hiyo si muhimu. Muhimu ni ile ya saa kumi na moja jioni.

#40 Mgeni_Mpya
Habari wakuu. Samahani nakatiza. Nina ndege ya saa tatu usiku Ijumaa, natokea Kangemi, nina masanduku mawili, na sina ile kadi ya tozo. Wanapokea pesa taslimu?

#41 Mwendambele
Wanapokea. Pandia James Gichuru, chukua njia ya pesa taslimu, usijiingize kwenye ya vifaa vya kielektroniki maana kizuizi hakitafunguka na wa nyuma watakupigia honi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ni mbaya, kwa hiyo toka saa kumi na mbili kasoro. Langoni mtashuka wote, masanduku yanabaki garini.

#42 Dereva_Mkuu_34
Au shuka mjini uchukue 34, utafika pia. Ila toka saa tisa.

#43 Jirani_wa_Munyonyo
Fundi, nikuulize kabla uzi haujahamia kwenye masanduku. Sisi tozo yetu inakusanywa na mkandarasi wa huduma, lakini barabara na deni ni vya serikali. Nyinyi barabara ni ya mbia kwa miaka 27. Ikipasuka lami mwaka wa 26, nani anaitengeneza?

#44 Fundi_Nguzo
Mbia, ndiyo kanuni ya ubia wa aina hii. Mwendeshaji ndiye anayetunza, na kwa kawaida mkataba unaeleza barabara iwe katika hali gani siku ya kukabidhi. Maungio ya daraja, yale mapengo yenye chuma unayoyasikia yakigonga tairi, hayadumu miaka 27, lazima yabadilishwe kati yake. Kwa hiyo swali lako ni la wakaguzi wa serikali: watakuwa wanapima kila mwaka, au wataanza kupima mwaka wa 26?

#45 Mkongwe_wa_Jukwaa
Na mitaro ya chini ni ya nani, ya mbia au ya serikali? Hilo naomba lijibiwe na mwenye mkataba mkononi.